Kipa Tuliyemrudisha

Kipa alianza kuzungumza refa alipopuliza filimbi ya kwanza na alinyamaza alipopuliza ya mwisho. Katikati hakupumzika. Aliwaita mabeki, aliwaita viungo, alimwuliza refa habari za nyumbani, aliwatumia salamu mama zao washambuliaji wa upande mwingine. Mpira ukiwa mbali kabisa, kwenye goli la wapinzani, aligeuka akazungumza na watu waliosimama nyuma ya nyavu zake, akitaka kujua kama mvua imefika kwao. Watu waliokuwa wakiosha dhahabu ng'ambo ya uwanja walisema hawana haja ya kuja kutazama mechi. Walibaki na karai zao na kumsikiliza, na jioni waliweza kusimulia mchezo wote bila kukosea.

Sote tulimwita Kipa. Mimi pia nilikuwa kipa wa timu hiyo hiyo, lakini mimi niliitwa kwa jina langu, tena wengine hawakulikumbuka.

Timu yetu ni ya Macalder. Wengi wetu tunafanya kazi ya mawe ya dhahabu: kuna wanaoshuka shimoni, kuna wanaosaga, kuna wanaoosha. Mimi nasaga, tangu nilipomaliza darasa la nane. Mashine ya kusagia ina kelele, na mtu asiyependa kuongea anaishi vizuri karibu nayo kwa sababu hakuna anayetarajia jibu. Uwanjani ndipo nilipata shida. Mikono yangu ilidaka vizuri, kila mtu alikubali, lakini mdomo haukufunguka. Mpira ukija juu kati yangu na beki, mimi nilimngoja yeye, yeye aliningoja mimi, na mpira ulipita katikati yetu. Kocha aliniambia mara moja, bila hasira, kwamba mikono yangu ni mizuri ila timu haijui kama niko.

Tukafika mkiani mwa ligi. Nusu ya mechi zilikuwa zimebaki. Mfadhili wetu, Bwana Salim, ni mtu wa Mombasa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na yeye mwenyewe husema hajui mpira, anajua watu tu. Alikuja kututazama siku moja, akasimama karibu na goli langu kipindi chote cha pili, na baadaye akamwambia kocha, "Hawa vijana wako wanacheza kama wako matangani." Siku hiyo hiyo alisema kwamba timu ikishuka daraja yeye ataacha, na kwamba anataka arudishwe yule kipa wa zamani aliyekwenda Homa Bay.

Kipa alikuwa ameichezea timu yetu kabla mimi sijajua kufunga kamba za viatu. Halafu timu moja ya Homa Bay ilimchukua, akacheza huko miaka mingi, akaoa, akatundika viatu, akaingia kwenye biashara ya omena, dagaa wa ziwani, pamoja na mke wake. Kumrudisha mtu kama huyo kulizua ubishi mkubwa kwa kinyozi. Kinyozi mwenyewe alikuwa kiongozi wa wanaokataa. Alisema mtu akishaanza kuanika samaki hawezi tena kuruka, na akauliza kama tunasajili kipa ama tunasajili babu. Wengine walimjibu kwamba babu anayeongea ni bora kuliko kijana asiyeongea. Mimi nilikuwa kwenye kiti, kichwa nusu kimenyolewa, na hawakuona haya kuyasema hayo juu yangu kwa sababu, kama kawaida, hawakujua kama niko.

Alikuja Jumatatu na begi moja. Alipewa jezi nambari moja. Mimi nilipewa kumi na sita, ambayo mikono yake ilinifika kwenye vidole.

Umri wake ulikuwa thelathini na nne. Hivyo ndivyo alivyosema, na watu wa Homa Bay walituambia kwamba amekuwa na umri huo kwa muda. Binti yake wa kwanza alikuwa ameolewa na ana mtoto anayetembea. Marwa, beki wetu wa kati, Mkuria aliyekuja Macalder kuchimba, alipiga hesabu kwa sauti mbele ya wote, kisha akamwuliza Kipa ilikuwaje akapata mtoto akiwa darasa la tatu. Kipa hakusita. Alisema Homa Bay watu wana haraka.

Alikuwa bahili wa vitu vidogo na mkarimu wa vikubwa. Taulo lake hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Chupa yake ya maji aliiandika jina kwa msumari. Lakini Marwa alipougua malaria, Kipa alimhamishia kwenye kitanda chake mwenyewe na kulala chini siku nne, na kila asubuhi alimpikia uji akimlaumu kwamba anaugua ovyo katikati ya ligi.

Alikuwa pia mtu wa sala. Kabla ya mechi alipiga magoti katikati ya goli, akaomba kwa sauti, na maombi yake yalikuwa na majina: alimtajia Mungu mshambuliaji gani ana mguu hatari na akaomba mguu huo upate uchovu kidogo, usiumie. Bwana Salim aliwahi kumwambia kwamba hayo si maombi, ni mipango. Kipa akasema kwake ni kitu kimoja.

Nyonga yake ya kushoto ilikuwa mbovu. Hakuweza kuruka upande huo, na kwa kuwa hii si siri inayokaa, wapiga penalti wote walipiga kushoto. Basi yeye alisimama hatua moja kushoto, makusudi, akaacha upande wa kulia wazi kama mlango wa kanisa. Mpigaji aliangalia, akaona uwazi, akajisahau, akapiga kulia, na Kipa alikuwa ameshafika. Ilifanya kazi mara mbili. Mara ya tatu mpigaji alikuwa kijana ambaye hakuangalia chochote, alifumba macho na kupiga, na mpira uliingia kushoto. Kipa alimfuata hadi katikati ya uwanja kumweleza kwamba penalti haipigwi hivyo.

Sitaki mtu adhani alikuja kunifundisha. Siku ya kwanza nilimsogelea, nikasimama, nikashindwa kusema nilichotaka.

"Omera, ndugu yangu, sikiliza," akasema. "Mimi sikuja kukufundisha. Nimekuja kucheza. Ukitaka kujifunza simama nyuma ya goli uone, na usiguse taulo."

Nikasimama nyuma ya goli. Kwa hiyo nililiona kwa karibu bao la mechi yake ya kwanza, lile ambalo hadi leo watu wa Macalder husimulia.

Mpira ulikuwa unatoka. Ulikuwa unabingirika polepole kuelekea mstari wa nyuma, hakuna mpinzani karibu, utoke tu tupige sisi. Kipa aliinua mikono kumwonyesha refa na kuwatuliza watu, akaita kwa ile sauti yake, kwa Kijaluo, "Marwa, marwa." Kwa Kijaluo neno hilo maana yake ni "wetu": mpira ni wetu, uacheni. Kila Mjaluo uwanjani alielewa na akatulia. Lakini Marwa alisikia jina lake. Alitoka mbio kutoka mbali, akajinyosha, akauwahi mpira kabla haujavuka mstari, akaurudisha ndani kwa nguvu zake zote. Kipa alikuwa ameshageuka kuchukua chupa yake. Aliposikia watu wamenyamaza, mpira ulikuwa umelala wavuni.

Kikalipuka kicheko ambacho sijasikia kingine kama hicho. Watu wetu wenyewe walicheka hadi wakakaa chini. Refa alitumia muda mrefu kuandika.

"Si umeniita?" Marwa alisema, mikono imefunguka. "Tena mara mbili. Mzee akikuita mara mbili unakaa tu?"

Kipa aliutoa mpira wavuni akaupeleka katikati ya uwanja mwenyewe.

Tulishindwa kwa bao hilo moja. Kinyozi alifurahi wiki nzima. Alisema tumesafirisha mtu kutoka Homa Bay aje kutufunga kwa neno moja, na kwamba yule kijana wa kwanza angalau alikuwa akifungwa kwa adabu. Nakiri nililisikia hilo na likanifurahisha. Niliitaka jezi yangu. Kila mpira uliompita nilihesabu, na sikujivunia kuhesabu, lakini nilihesabu.

Jumanne yake alikuja mazoezini na sheria. Hakumlaumu Marwa hata kidogo, alisema kosa ni la mdomo wake. Ndani ya boksi, akasema, Kijaluo basi, Kikuria basi, Kiingereza cha kocha basi. Ni Kiswahili, tena maneno matatu: "yangu", "yako", na "toa". Mtu mmoja akauliza kwa nini tusiongeze "yetu".

"Hapana," Kipa akasema. "Kanisani sema yetu. Hapa mpira ni wangu ama ni wako. Ukisema ni yetu, tayari tumefungwa."

Hakujali kwamba mpira ni wangu na si yangu. Bwana Salim, ambaye Kiswahili chake ni cha kwao pwani, alijaribu kumsahihisha, akaambiwa kwamba hapo katikati ya "wangu" na "yangu" mshambuliaji ameshapiga.

Mabeki wakaanza kuitikia. Hicho ndicho kilichobadilika, si kingine. Kipa hakudaka vizuri kuliko nilivyodaka mimi. Kwa kweli, mipira ya chini alidaka vibaya. Lakini mipira haikumfikia. Alikuwa akiiona hatari ikiwa bado iko mbali, akamsogeza mtu huyu hatua mbili na yule hatua moja, na mshambuliaji alipofika alikuta mlango umefungwa. Alikuwa akisema kipa anayerukaruka ni kipa aliyechelewa kuongea. Tulitoka sare, tukatoka sare tena, tukashinda moja. Kinyozi alisema ni bahati.

Jumamosi moja bila mechi aliniambia nimsindikize Homa Bay. Nilidhani ni kubeba mizigo. Tulipofika sokoni alinikabidhi kwa mke wake, mama mnene mwenye macho ya kucheka, na mke wake akanikabidhi gorogoro, mkebe wa kupimia, na gunia la omena, kisha wote wawili wakaenda kunywa chai. Niuze, walisema. Kushoto kwangu kulikuwa na mama aliyeita wateja kama anazima moto, kulia mwingine zaidi yake. Mimi nilisimama. Saa nzima nilisimama. Mteja wa kwanza kunisogelea alikuwa mama mzee aliyetaka kujua kama naumwa.

Mke wa Kipa aliporudi aliliona gunia lilivyo, akacheka, akaniambia, "Wuoda, mwanangu, omena haziwezi kujiita." Akanisimamia pembeni. Nikasema "omena" kama mtu anayeulizwa swali na mwalimu. Akasema, tena. Nikasema. Sijui ilikuwa ya ngapi ndipo yule mama wa kushoto aligeuka kunitazama kwa hasira kwamba namwibia wateja. Niliuza gunia lote isipokuwa kidogo chini. Kipa aliangalia kile kidogo kilichobaki na kusema kwamba yeye angekimaliza. Hilo lilikuwa pongezi, nililijua baadaye.

Mechi ya mwisho ilikuwa Homa Bay, dhidi ya timu ile ile aliyoichezea miaka yote. Tulihitaji sare ili tusishuke. Kinyozi alikuwa amekwisha kueneza kwamba Kipa atauza mechi. Maneno hayo yalimfikia, na njia nzima hakuongea, jambo ambalo lilitutisha kuliko maneno yenyewe. Uwanjani alizomewa na watu wa huko waliomwita msaliti, na watu wetu wachache hawakuwa na uhakika wamshangilie. Yeye aliwasalimia wote, pande mbili, kwa majina.

Hadi mapumziko ilikuwa bao moja kwa moja. Tulipokaa chini niliona anashindwa kukunja mguu. Kocha alimwuliza kama ataweza, na wote tulijua atasema ataweza, maana hakuwahi kukubali hata kwamba ana njaa. Alivua glavu. Alizitazama, akazivaa tena, akazivua. Halafu akanirushia taulo lake.

"Nyonga imekataa," akasema. "Ingia. Na uongee, ama nitaingia na fimbo."

Niliingia. Dakika za kwanza nilikuwa kama sokoni, nimesimama. Kisha kona ikapigwa, ndefu, ikaja juu kati yangu na Marwa, ile ile ya siku zote. Nilimwona Marwa akinitazama, akingoja. Nikasema, "Yangu!" Nadhani nilisema kwa nguvu sana, kwa sababu Marwa alilala chini kabisa, na mshambuliaji wao mmoja pia aliinama. Nikaudaka. Baada ya hapo sikuweza kunyamaza. Niliongea hadi sauti ikakatika, na ilipokatika Kipa alikuwa kwenye benchi akiyasema yaliyobaki. Sare.

Basi, ilifaa kumrudisha? Kwa kinyozi bado wanabishana. Wanaosema haikufaa wana hoja: alicheza nusu ya ligi, alikosa kipindi cha pili cha mechi ya maana zaidi, alifungwa bao ambalo hata mtoto asingefungwa, kisha akarudi zake Homa Bay na kutuachia hadithi. Wanaosema ilifaa husema tuko kwenye ligi, na hawasemi zaidi. Bwana Salim alipoulizwa alisema yeye aliona kitu kimoja tu, kwamba siku hizi akisimama karibu na goli masikio yanamuuma. Mimi sikuwahi kujibu. Nilikuwa na jezi nambari moja, na mwenye jezi hapaswi kubishania ilikotoka.

Mwaka huu, kabla ya ligi kuanza, kipa wetu wa pili alihamia Osiri. Kamati ikakaa, na jina la Kipa likatajwa tena. Nusu walitaka arudi asimame golini kama zamani, nusu walisema mimi natosha. Kocha akakata shauri: asajiliwe, kisha ataonekana nani anafaa kuanza. Halafu akanipa mimi fomu nimpelekee, kwa kuwa ndiye niliyejua nyumba yake.

Nilikwenda na fomu hiyo ndani ya gazeti ili isikunjike. Nilikuwa nimeshaamua. Kama angetaka nambari moja ningempa bila neno, kwa sababu kulikuwa na siku moja ambapo yeye alivua glavu ili niingie. Lakini kuamua si kufurahi.

Nilimkuta ufukweni akigeuza omena juu ya nyavu chakavu. Alikuwa amenenepa na kuchechemea zaidi. Alinisalimia kama nimetoka hapo nje kidogo, akanipa ufagio nimalizie upande wa pili, na akaanza kuuliza: Marwa ana mtoto wa pili? Bado anaitika? Goli la upande wa barabara limewekwa mwamba mpya? Nilijibu yote. Alinisikiliza huku akitabasamu, na nikatambua kwamba nilikuwa nimeongea kwa muda mrefu na yeye alikuwa amenyamaza.

Tulipomaliza nikatoa fomu. Aliikunjua juu ya beseni lililopinduliwa, akaniambia nijaze mimi, mikono yake ina harufu. Nikaandika jina lake polepole, nisikosee. Alinipa kitambulisho akiwa ameweka kidole gumba juu ya mwaka wa kuzaliwa, na ilibidi mke wake aje akitoe kidole hicho kwa nguvu. Niliandika nilichoona.

Tukafika mahali palipoandikwa nafasi ya mchezaji. Nikaandika "Kipa". Nilipomaliza herufi ya mwisho niliinua kalamu, na yeye alikuwa ameinama akiangalia.

"Hujamaliza hapo," akasema.

Nikatazama. Sikuona kosa. Alijifuta mikono kwenye suruali, akachukua kalamu, na mbele ya neno langu akaongeza kwa herufi kubwa, polepole kuliko mimi: WA AKIBA. Akatia sahihi chini bila kusoma mengine.

Kisha akaniuliza mazoezi ya Jumanne yanaanza saa ngapi siku hizi, kwa sababu, alisema, kipa wa akiba akichelewa watu hawamngoji.